Mwaka wa Maji Sikioni

Nilifika Kisangani siku ya tatu ya matanga, vumbi la barabara ya Bengamisa likiwa limenijaa hadi kwenye nyusi, nikakuta Papa Lokangu ameshazikwa. Ndiyo kawaida yangu. Mimi hufika watu wakianza kukunja mikeka. Uani kwake, Kabondo, turubai lilikuwa bado limefungwa, wanawake walikuwa wanatwanga ndizi za lituma nyuma ya ukuta, na vijana wawili walioketi karibu yangu, ambao nadhani walikuja zaidi kwa ajili ya sufuria kuliko kwa ajili ya marehemu, walikuwa wananong'ona. "Huyu papa alikuwa dokta?" mmoja aliuliza. "Dokta wapi! Alikuwa enfirmye, muuguzi tu. Kazi yake ilikuwa kumwanga mayi mu masikio ya batu mpaka banatapika." Wakacheka huku wameziba midomo. Nilitaka kuwakemea, maana umri wangu unaniruhusu sasa, lakini nikajikuta nimecheka nao. Ndivyo ilivyokuwa kazi yetu, kwa kweli. Baadaye Feza, binti yake wa mwisho, akaja na kikombe cha kahawa, akachuchumaa mbele yangu. "Ya Mado, dada mukubwa, weye ulitumika kazi naye. Kabla ya kufunga matanga utasema maneno kidogo, sivyo?" Nikakubali. Jioni niliposimama mbele ya watu nikasema Papa Lokangu alikuwa mtu mwema, kisha nikaketi. Mtu mwema ni neno la kila matanga. Yale niliyopaswa kusema sikuyasema, nikaondoka nayo, na sasa nayaandika.

Nimepita miaka arobaini, na tangu ujanani sijawahi kukaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Buta, Isiro, Bunia, Beni, ng'ambo Arua na kurudi tena. Nimeuza vitenge, nimepikia mafundi wa barabara, nimefundisha watoto kusoma katika kijiji ambacho jina lake limeshabadilika. Watu wakiniuliza nimetoka wapi, mimi huwaza chumba kimoja, wala si chumba cha nyumbani kwetu. Kilikuwa chumba cha nyuma cha zahanati ndogo ya Kabondo, na nilikaa humo mwaka ule baada ya kupata diploma ya shule, nilipokuwa nikisubiri nafasi ya chuo kikuu ambayo haikuja. Ukuta wake ulikuwa na rangi ya kijani hadi kifuani, juu nyeupe iliyochakaa. Dirisha lilizibwa kwa kitenge chenye picha za kuku, ili mwanga upungue. Kulikuwa na kitanda cha mbao, meza yenye besheni mbili, ya buluu kwa maji baridi na ya waridi kwa maji ya moto, na kopo la biskuti ambamo ililala miwani minene kama vitako vya chupa, yenye taa mbili ndogo ndani. Nje ya mlango, kwenye veranda, kulikuwa na mbabula, jiko letu la makaa, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoanzia: kuchemsha maji, kuyapoza, kutia kipimajoto, kuongeza kikombe cha moto, kuongeza kikombe cha baridi, hadi besheni moja ifike nyuzi arobaini na nne na nyingine thelathini kamili. Papa Lokangu alisema ukikosea kwa nyuzi mbili umemsingizia mutu ugonjwa.

Walioletwa kwetu walikuwa watu wa kizunguzungu. Waliingia wakiwa wameshika ukuta, au mkono wa mke, au bega la mwendesha baiskeli ya toleka aliyewabeba. Wengi walikuwa wameshapita kwa wachungaji wa kanisa, kwa waganga, kwa wauzaji wa vidonge, na wote hao walikuwa wamewaambia jambo moja, kwamba ni damu. Papa Lokangu hakusema ni damu. Aliwaeleza kwamba ndani kabisa ya sikio, ng'ambo ya ngoma yake, kuna vijifereji vyenye maji, na maji hayo yakitikisika ndipo mtu anajua kama amegeuka au amesimama wima. "Alors, sisi tunatia mayi ya moto inje, na mayi ya ndani inaamuka," alisema. "Sikio inadanganyika, inaambia kichwa: tunazunguka! Na macho inafuata ule uongo. Sikio yenye iko muzima tunaweza kuidanganya, mama. Yenye ilikufa, hapana. Hata umwange muto ya Tshopo muzima ndani, haiamini kitu." Kisha alimlaza mgonjwa, kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mto uliokunjwa, akamvisha ile miwani ili asiweze kukaza macho kwenye kitu chochote, na mimi nikashika kibakuli chini ya sikio. Alimwaga maji kwa bomba la sindano polepole. Baada ya muda mfupi macho yalianza: yanateleza upande mmoja taratibu, kisha yanarudi kwa mruko, yanateleza tena, yanaruka tena. Papa Lokangu aliinama juu ya miwani na kuhesabu miruko hiyo kwa ukucha kwenye ubao wa kitanda. Tik. Tik. Tik. Alikuwa mtu wa mtoni, wa Yanonge, kwao ambako ngoma za mti zilikuwa zikitoa habari kutoka kijiji hadi kijiji, na kidole chake hakikuweza kuona mdundo kikanyamaza. Mimi sikuona macho ya mgonjwa kutoka nilipokuwa, lakini nilijifunza kuyasikia.

Kazi yangu ya pili ndiyo iliyonifanya niajiriwe. Macho ya mtu aliyelala gizani, aliyetulia au anayesinzia, huzima. Sikio linaweza kuwa zima kabisa, na macho yasionyeshe kitu, kwa sababu akili imelala. Kwa hiyo lazima mtu aulizwe maswali tangu maji yanapoingia hadi macho yanapotulia, na maswali hayo yamlazimishe kuchimba. Papa Lokangu alinipa sheria siku ya kwanza, akiwa anamenya ndizi. "Usimuache aseme kitu yenye anajua kwa kichwa. Hapana wimbo. Hapana sala. Hapana kuhesabu moja, mbili, tatu. Hiyo mudomo inatembea peke yake, na kichwa inalala. Uliza kitu yenye atatafuta." Nilikuwa na Kiswahili, Lingala, na Kifaransa cha shule, na nilikuwa na udadisi ambao nyumbani ulikuwa ukiniletea vibao. Hapo uliniletea mshahara. Mama mmoja muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, nilimwambia anitajie ndugu wote wa mume wake. "Wale benye bananipenda ao wote?" aliuliza, na ukucha wa Papa Lokangu ukagonga kama mvua juu ya bati. Mbeba mizigo wa uwanja wa ndege wa Bangboka nilimwambia ataje vitu vizito kuliko vyote alivyowahi kubeba, kuanzia kizito zaidi kushuka chini. Dereva mmoja wa lori alinitajia madaraja yote mabovu kutoka Kisangani hadi Buta, lipi unapita kwa sala na lipi unashuka kwanza ukalitazama, na nilipokuwa napanguza maji shingoni mwake nilihisi miguu yangu inawasha. Nadhani safari zangu zote zilianzia kwenye kitanda kile, midomoni mwa watu waliolala chali na kichefuchefu.

Mchana tulikula verandani, sisi wawili, kutoka sahani moja. Lituma na samaki aliyeokwa ndani ya majani, au sombe, kisamvu chetu, na wali siku za mwisho wa wiki. Alinigawia upande wa tumbo la samaki, wenye mafuta, akidai meno yake hayapendi. Uongo mtupu, nilimwona akitafuna mifupa. Hakuwahi kunipa sifa. Siku niliyomshika mgonjwa aliyekuwa anaanguka kitandani, alisema tu, "Bon. Mikono iko." Nililala na maneno hayo kama mtu aliyepewa zawadi.

Mzee Ramazani aliletwa mwanzoni mwa msimu wa mvua. Alikuwa fundi wa mapaa, wa zile familia za Kiislamu zilizokuwa mjini Kisangani tangu enzi za biashara ya misafara, na nusu ya Kabondo ililala chini ya mbao zake. Miezi mitatu kabla, aliamka asubuhi chumba kikizunguka, akatapika siku mbili, na tangu hapo akigeuza kichwa haraka alipepesuka. Mwanawe mkubwa, Juma, alimshika kiwiko, na mzee akawa anauvuta mkono wake kila mara, kama mtoto asiyetaka kuogeshwa. Alivaa kofia safi na koti lililopigwa pasi. Kabla ya kulala alitazama juu, akaona dari yetu. "Nani aliweka hii?" aliuliza. Papa Lokangu akasema hajui. "Afadhali," mzee akajibu. "Ningemujua, ningemusema vibaya, na leo mi natafuta kusamehewa." Tulicheka sote isipokuwa Juma.

Maji ya kwanza yalipoingia, mikono ya mzee ilikamata kingo za kitanda hadi mbao zikalia. Nilianza swali langu. "Papa, unieleze..." Sikufika mbali. Alikuwa ameshaanza Yasini, kwa sauti ya chini, iliyonyooka, ya mtu ambaye ameisoma tangu kabla meno yake ya pili hayajaota. Nikanyamaza. Mimi ni Mkatoliki. Sikujua maana ya hata neno moja, lakini nilijua ni nini. Na nilikuwa na miaka ishirini, na yeye alikuwa na umri wa babu yangu, amelala chali, anaogopa, anaongea na Mungu wake. Kwetu mtoto hamkatizi mzee hata akiwa anasimulia bei ya chumvi. Ningemkatiza vipi hapo? Nilishika kibakuli, nikasikiliza. Ukucha ulianza: tik. Tik. Kisha sauti ya mzee ikatulia, uso wake ukalainika, vidole vikaachia ubao kimoja kimoja. Tik. Halafu kimya. Maji ya moto sikio la kulia, maji ya moto sikio la kushoto, maji baridi huku na huku, na kila mara alisoma, na kila mara nilisikia sauti yake tu. Kwa kawaida sikio lisipojibu hujaribiwa kwa maji ya barafu, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na hapakuwa na barafu popote karibu. Papa Lokangu alimvua mzee ile miwani, akaandika kwenye karatasi. Hakunitazama.

Dokta wa masikio alikuja Alhamisi, kama kila Alhamisi, kusoma karatasi zetu na kutoa hukumu. Alikuwa mtu wa haraka, si mtu mbaya. Alisoma, akamwita Juma pembeni, lakini pembeni katika zahanati ile palikuwa hatua mbili, hivyo sote tulisikia, na mzee pia. Masikio yote mawili yamekufa upande wa mizani ya mwili. Asipande kitu chochote kirefu kuliko kiti. Asitembee gizani peke yake. Asiogelee mtoni, maana chini ya maji hatajua juu ni wapi. "Kwa muda gani?" Juma aliuliza. "Kwa maisha," dokta alisema. Mzee Ramazani alikuwa anafunga vifungo vya koti lake. Alifunga vyote, akavifungua, akavifunga tena.

Wiki mbili baadaye nilipita mbele ya nyumba yao nikitoka sokoni. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti kidogo, chini, mgongo ukutani. Mjukuu wa miaka kama saba alikuja kumshika mkono kumpeleka msikitini, nyumba ya nne kutoka hapo, na mzee akainuka na kuongozwa, akitazama mbele kama mtu anayepitishwa uchi katikati ya watu. Nilisikia wanawake wawili wakiongea kwenye bomba la maji. Mmoja alikuwa mkwe wa mzee, mke wa Juma. "Ngazi Juma ameshatoa, ameipa jirani. Misumeno pia. Ikibaki hapa, muzee atapanda." "Na ye anasema nini?" "Hasemi. Tangu ile siku hasemi kitu. Anakula, ananawa, anaangalia juu." Nilisimama na kikapu changu cha mboga, na ndipo nilipojua jambo ambalo nilikuwa nimelijua tangu dakika ile ukucha uliponyamaza.

Leo, nikiwa na miaka hii, najua kwamba makosa mengi ya maisha yangu hayakutokana na ubaya. Yalitokana na adabu. Nimenyamaza mbele ya watu waliostahili kuheshimiwa, wakaumia kwa sababu ya heshima yangu. Lakini siku ile sikuwa na hekima yoyote. Mchana Papa Lokangu alinisukumia upande wa samaki wenye mafuta, na sikuugusa.

"Papa," nikasema, "siku ya Muzee Ramazani mi sikuuliza kitu. Alikuwa anaomba, na mi nikamuacha. Ile karatasi haiko ya kweli. Ao labda iko ya kweli, lakini hatujui. Makosa iko yangu."

Alinawa mkono kwenye bakuli, taratibu, kidole kwa kidole, akaukausha kwenye suruali. Mbabula ilikuwa inapasuka-pasuka. "Mado," akasema hatimaye, "unafikiri mi niko kiziwi?"

"Hapana, papa."

"Mi nilisikia. Tangu neno ya kwanza nilisikia. Ni mi mwenye nilikupa sheria. Nilingoja weye umusimamishe, sababu mi nilipata haya. Na weye ulingoja mi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Batu wawili na akili yao, banangojana, na muzee anakufa masikio katikati. Nilipoandika ile zero, sikukuangalia weye. Nikasema, labda iko vile. Kila siku nasema, labda iko vile."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akisema kosa lake bila kulifunika kwa la mwingine. Angeweza kuniachia mimi; nilikuwa nimeshalibeba na kumletea. Nadhani nilimpenda kuanzia hapo, kama mtu anavyompenda baba aliyejichagulia. Alisukuma tena sahani kwangu. "Kula kwanza. Batatutukana, na matukano haifai tumbo mutupu."

Tulienda jioni hiyo hiyo, kwa miguu. Juma alitupokea mlangoni, akasikiliza, na uso wake ukafunga. "Papa Lokangu, dokta alisema kwa maisha. Karatasi iko ndani, na kashe, muhuri ya dokta. Sasa munakuya kusema mulikosea? Kesho mutasema mulikosea tena? Mi nina baba mumoja. Akianguka, mutanipa ingine?" Papa Lokangu alikubali kila neno. Alisema ana haki. Alisema pia kwamba kama masikio yamekufa kweli, maji yatasema tena vilevile na hakuna kitakachopotea isipokuwa asubuhi moja. Wakati huo sauti ilitoka kwenye kiti kidogo, ambacho sote tulikuwa tunaongea juu yake kana kwamba hakina mtu.

"Weye, binti. Kuya hapa."

Nikaenda, nikapiga goti.

"Sababu gani hukunisimamisha?"

"Nilishindwa, papa. Ulikuwa unaongea na Mungu."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee pembeni, lakini katikati yalikuwa makali. "Mungu angengoja," alisema. "Yasini yangu ameisikia mara mingi sana. Angengoja kidogo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Juma. Alhamisi unanipeleka. Ukikataa, naenda peke yangu, nikishika ukuta mupaka kule, na mutaa muzima itasema unamutupa baba yako."

Alhamisi dokta alikuwepo. Papa Lokangu alimweleza kosa letu akiwa amesimama wima, kofia mkononi, na dokta alipaza sauti, akauliza ni karatasi ngapi nyingine tulizoandika kwa adabu. Kisha akatulia, akavua koti lake. "Bon. Tufanye sasa, mbele yangu. Mimi nitaangalia macho, weye gonga." Kwa mara ya kwanza chumba kile kilikuwa na watu sita, Juma na mkewe wakiwa wamebanana mlangoni. Mzee Ramazani alilala. Kabla ya kuvishwa miwani alinishika kidole. "Uliza," alisema. "Hata nikikasirika."

Tulianza na sikio la kulia, maji ya moto. "Papa, paa la kwanza ulilofunika peke yako lilikuwa la nani?" Akataja. "Na la pili?" Akataja. La tatu, la nne, nyumba baada ya nyumba, aina ya mbao, idadi ya mabati. Dokta alimnong'oneza Papa Lokangu, na ukucha ukagonga mmoja, ukapumzika sana, ukagonga mwingine. Mnyonge. Tukapumzika, tukaenda sikio la kushoto. Mzee aliendelea na orodha yake, sasa kwa mtiririko, kwa sauti ya kupendeza, na niliposikia ule mtiririko nikaogopa. Alikuwa ameisema orodha ile mara ngapi katika maisha yake, kwa wateja, kwa wanafunzi, kwa wakwe? Ilikuwa Yasini nyingine. Ukucha ulikuwa unafifia. Nikaona jasho likitoka kwenye paji la Papa Lokangu, na yeye hakuweza kunisaidia, dokta alikuwa amemwambia agonge tu. Nikajikuta nimeinama sikioni mwa mzee, lile lililokuwa kavu.

"Na yenye ilivuja, papa?"

Orodha ya mzee ikakatika.

"Nini?"

"Mapaa yenye ilivuja. Unitajie yote."

Mlangoni mke wa Juma alivuta pumzi. Juma alisema, "Mado!" kwa sauti ya mtu aliyeona bibi yake akipigwa kofi. "Mutoto," mzee alisema polepole, "mi nimefanya kazi miaka makumi ine, hakuna mutu..." na akakoma, na kwenye ubao wa kitanda kidole cha Papa Lokangu kikalipuka. Tik tik tik tik. "Usimwache!" dokta alisema. "Uliza, uliza!"

"Hakuna hata moja, papa?"

"Ya Mama Veronika," mzee alisema. "Ilivuja kidogo. Upande wa jiko. Mbao ilikuwa mubichi, na ye alikuwa na haraka, na mi nikasema itakauka. Haikukauka. Anaweka sufuria chini mupaka leo, hajaniambia kitu, anakuwa na haya."

"Na ingine?"

"Ya munadi wa soko. Na... ngoja. Ya masomo, ile shule ya pembeni. Mipira ya misumari ilioza."

"Na ingine?"

"Ya shemeji yangu."

"Ilivuja sana?"

"Ile niliifanya makusudi."

"Papa!" Juma alipiga kelele, na dokta, akiwa ameinama juu ya miwani, alianza kucheka hadi mabega yakatikisika, na ukucha wa Papa Lokangu ulikuwa unapiga mbio na machozi yanamtiririka kwenye mashavu, sijui ya kicheko au ya nini. Mzee Ramazani alitapika vizuri baada ya hapo, ndani ya besheni ya waridi, na kila mtu akampongeza.

Sikio la kulia lilikuwa limedhoofika sana. La kushoto lilikuwa zima kabisa. Dokta alichana ile karatasi ya kwanza mbele ya Juma, akaeleza kwamba kichwa kinaweza kujifunza kutembea na sikio moja, lakini hujifunza kwa kutembea, si kwa kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo miezi iliyofuata ya mwaka ule niliishi kwenye korido ya zahanati, mimi na mzee, kila asubuhi baada ya maji kupoa. Alitembea akigeuza kichwa kulia, kushoto, juu, chini. Alisimama kwenye godoro macho yamefumbwa, mikono yangu ikiwa karibu bila kumgusa. Alipopepesuka alinitukana kwa lugha tatu, kisha akaniomba radhi kwa moja. Papa Lokangu alipita na besheni zake akisema, "Muzee, unatembea kama bata," na mzee akajibu kwamba bata hajawahi kuanguka. Polepole kupepesuka kulipungua. Juma alianza kuja kutazama, mara ya kwanza akiwa na mikono imefungwa kifuani, baadaye bila.

Mwishoni mwa mwaka niliondoka. Lori lilikuwa linaenda Buta, nilikuwa nimeyasikia madaraja yake yote, na nilitaka kuyaona. Nilimuaga Papa Lokangu vibaya, kwa haraka, nikidhani nitarudi baada ya mwezi. Lakini kabla ya lori, dokta alikuwa ametoa ruhusa: apande, si peke yake, si wakati wa mvua, na kamba kiunoni. Mzee hakuuliza aanzie wapi. Juma alikwenda kwa jirani kuiomba ngazi ile ile aliyoigawa, akarudi nayo begani akiwa amekasirika na kila mtu, na tukaenda wote hadi kwa Mama Veronika, mjane mwenye jiko lenye sufuria chini. Alipoelezwa tumekuja kufanya nini, alishika mdomo. "Muzee, haivuji," alisema. "Mama," mzee akajibu, "nimeshasema mbele ya dokta."

Alipanda. Juma alishika kamba, Papa Lokangu alishika ngazi, mimi sikushika kitu. Hakutazama chini. Alifika kwenye bati, akatambaa, akaketi juu kabisa ya paa, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, na akakaa tu. Akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, haijashika kitu. Chini hakuna aliyepumua. "Munaangalia nini?" akauliza. "Misumari itapanda peke yake?"

Ilinyesha siku tatu baadaye, mvua nzito ya usiku kucha, na asubuhi Mama Veronika alikuja hadi kwenye ule ukuta ambapo mzee alikuwa ameketi akinywa chai. Nilikuwa hapo, nimekuja kuaga. Alimsalimia, akasifu kazi, akashukuru, akazungusha maneno. Mzee akamkatiza.

"Imevuja?"

Alitazama miguu yake. "Kidogo tu, papa. Si kitu."

Mzee Ramazani aliweka kikombe chini. Sijawahi kuona mtu akipokea habari mbaya kwa uso uliochangamka kama ule. "Juma!" aliita, na alikuwa ameshasimama. "Leta ngazi."